Hatua Iliyolala Kwenye Bahasha

Habari ya kifo cha Mzee Hasmukh ilinikuta Mpanda, nimekaa juu ya furushi la mablanketi nikisubiri mvua ipungue. Aliyepiga simu ni Masanja, fundi baiskeli, ambaye miaka yote hii ameendelea kunitafuta kila ninapohama mji, kama mtu anayefuata ng'ombe aliyekata kamba. "Mzee wako ametangulia," alisema. "Wamemchoma jana asubuhi, kwa taratibu zao. Njoo hata kuketi tu, Kabula." Sikuwa na vingi vya kufunga. Nina miaka arobaini na minne, na sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Nimeuza vitenge Kasulu, nimewapikia wachimbaji Chunya, nimepanga vyumba Tunduma na Mtwara, na kote huko nimekuwa mtu anayekaribia kuondoka. Wakiniuliza sababu husema nina miguu isiyotulia, na watu hucheka, na mambo huishia hapo. Lakini basi lilipoanza kushuka kuelekea Mwanza, na yale mawe makubwa yakaanza kuonekana yamekaa juu ya vilima kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mkubwa aliyepita, nilijua kwamba nilikuwa nimekimbia chumba kimoja tu, cha ghorofani, chenye dirisha moja.

Chumba kile kilikuwa juu ya duka la vitambaa la Mzee Hasmukh, nyuma ya soko. Niliajiriwa dukani mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa na miaka ishirini, na kazi ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa kukunja. Mzee alikuwa mwembamba, shati jeupe, ndara miguuni, Kiswahili chake kimetulia kama cha watu wa Magu alikozaliwa, na kukunja kwake hakukuwa mzaha. Kitambaa cha kukaa kwenye rafu kilikunjwa mara tatu kwa urefu, kisha mara mbili, na ncha ikachomekwa ndani, ili vumbi lisipate pa kushika. Nilikunja khanga, nikakunja shuka, nikakunja vitenge, wiki baada ya wiki, mpaka nikawa ninakunja hata leso yangu namna ile, hata karatasi ya chapati. "Mkono ukijua," alikuwa akisema, "kichwa kinapumzika." Na mimi kichwa changu kilipopumzika kilikuwa kinasafiri. Nilikuwa sijavuka Shinyanga. Nilitazama majina ya viwanda yaliyochapwa kwenye pindo za vitambaa nikayasoma kama majina ya watu ambao siku moja wangenialika.

Jumatano na Jumamosi, duka likifungwa saa kumi na moja, tulipanda juu kucheza sataranji, ambayo wengi wetu tuliiita chesi. Tulikuwa watu tisa. Kulikuwa na meza nne, mabenchi ya kanisa yaliyonunuliwa mahali fulani, na lile dirisha lililopenya katikati ya mapaa mawili ya bati na kutupa kipande cha ziwa, si kikubwa kuliko khanga iliyoanikwa. Jioni kipande kile kiligeuka rangi ya shaba. Kuna siku wadudu wadogo wa ziwani walipanda juu kwa maelfu, ungedhani maji yanatoa moshi, na mwanga ndani ukawa wa kijivu na laini, na vipande juu ya ubao vikaonekana kama vinapumua. Mke wa Mzee alileta bajia na chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi. Masanja alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kuchemsha. Deogratias, ambaye sote tulimwita Deo, alileta mapanki ya sangara yaliyokaangwa, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, kwa sababu alifanya kazi kiwandani kwenye minofu, na hakukuwa na sabuni iliyoweza kuitoa harufu ile mikononi mwake. Mzee hakula samaki, wala hakupenda harufu yake. Alichofanya ni kulisogeza benchi la Deo karibu na dirisha, na Deo akashukuru kwa sababu pale palikuwa na upepo.

Deo alinizidi mwaka mmoja. Alikuwa mrefu, mpole, na alicheza kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Mimi nilicheza kwa haraka, nikishambulia, nikigonga vipande chini. Masanja, ambaye hakuwahi kumshinda yeyote kati yetu, alikuwa mtangazaji. "Deo, hiyo ngome umeituma kuchota maji? Mbona hairudi?" "Kabula, mfalme wako ana homa, mfunike." "Jamani, farasi wa huyu dada hajui njia, anaingia nyumba za watu." Tulicheka mpaka Mzee akagonga meza kwa kidole kimoja. Tukitoka, mimi na Deo tulishuka pamoja mpaka ufukweni, tukakaa juu ya jiwe lenye joto la mchana, tukacheza tena mchezo uleule bila ubao, kwa maneno matupu, yeye akitaja mraba na mimi nikitaja mraba. Sijui kama yale yalikuwa mapenzi. Najua tu kwamba tangu wakati huo sijapata mtu ambaye naweza kukaa naye kimya na wote wawili tukawa tunaona kitu kimoja.

Mwishoni mwa mwaka ule zikaja habari kwamba kutakuwa na mashindano Dar es Salaam, na kila kikundi cha mikoani kingeweza kupeleka mchezaji mmoja. Zaidi ya hapo, ilisemekana shirika moja kule lilikuwa na timu yake na linawapa kazi wachezaji wazuri. Tulichezana wote kwa wiki sita. Tukabaki wawili, mimi na Deo, na mchezo mmoja wa kuamua.

Siku mbili kabla ya mchezo huo nilikuwa chini dukani napanga mashuka, na sauti zikashuka kupitia mbao za dari. Masanja alikuwa akimuuliza Mzee nani atashinda. "Deo," Mzee alijibu, bila hata kufikiri. "Deo anajua kukaa. Kabula ana akili kumzidi, lakini ana haraka. Mtu mwenye haraka huwezi kumtuma mbali." Masanja akasema, "Wewe mzee, huyo ni binti yako wa dukani." Mzee akasema, "Ndiyo maana najua." Nilibaki na shuka mkononi. Hakuna tusi nililowahi kutukanwa, barabarani au sokoni, lililoniingia kama maneno yale ya upole. Mimi nilikuwa nimejiona nimeshafika mbali, na hapo juu watu wawili wanaonipenda walikuwa wakikubaliana kwamba nibaki.

Tulicheza Jumatano. Deo alikuwa na vipande vyeupe. Sikuharakisha siku ile. Nilijikaza, nikakaa juu ya viganja vyangu. Mchezo ukaenda polepole, wengine wakiwa wamesimama nyuma ya mabenchi, hata Masanja amenyamaza, na saa kumi na mbili na nusu umeme ukakatika. Ulikuwa wakati wa mgao, na tulikuwa na desturi yetu: umeme ukikatika hatuchezi kwa mshumaa, tunalaza mchezo. Mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi pasipo mtu kuona, anaitia kwenye bahasha, anaifunga mwenyewe kwa gundi, na Mzee anaiweka mpaka siku inayofuata. Hatua ikishalala haibadilishwi. Na ikiwa bahasha itafunguliwa ikakutwa hatua isiyochezeka, aliyeiandika ameshindwa. Mzee alitusomea sheria hiyo kutoka kwenye kijitabu mara ya kwanza kabisa, na hatukuwahi kuwa na sababu ya kuikumbuka. Zamu ilikuwa ya Deo. Alichukua kalamu ya dukani, akageukia dirisha ambako bado kulikuwa na mwanga kidogo, akaandika, akaikunja karatasi hovyo kama mtu anayekunja tiketi, akaifunga. Mzee akashuka nayo, akaifungia kwenye droo chini ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike, penye uvumba na maua. Funguo za droo alitundika mahali pake pa siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua duka asubuhi.

Alhamisi nilifika mapema. Nilifagia, nikamwaga maji mlangoni, nikabandika birika la chai. Nimeipitia asubuhi ile mara nyingi sana, kwenye mabasi, kwenye vyumba vya kupanga, na kila mara inanijia bila sauti, kama kitu kinachotokea chini ya maji. Jua linaingia kupitia nyufa za mlango na kulala juu ya vitambaa. Birika linaanza kutoa mvuke. Nimesimama na bahasha mkononi, na sikumbuki kuifungua droo. Nilijiambia nitaangalia tu. Gundi ilikuwa dhaifu, iliachia kwa upole kama jani. Deo alikuwa ameandika: Ngome, kutoka c1 kwenda g1. Kwa asiyejua mchezo, miraba ya ubao inatajwa kwa herufi na namba, na ngome huenda moja kwa moja tu, mbele au pembeni. Hatua ile ilikuwa ya pembeni, nyumbani kabisa, haimtishi mtu. Nilipanda juu mbio nikasimama mbele ya ubao uliokuwa umeachwa kama ulivyo, na nikaiona. Ngome ilikuwa inakwenda kukaa nyuma ya askari wake aliyekaribia mfalme wangu. Hatua mbili baadaye ningekuwa sina pa kukimbilia. Nilitafuta jibu mpaka nikasikia birika linatapika maji kwenye moto. Hakukuwa na jibu. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho hakikunisaidia hata kidogo.

Ingetosha kuifunga tena na kwenda kushindwa. Lakini nilishuka, na kalamu ya dukani ilikuwa pale mezani, ileile, wino uleule. Deo aliandika moja yake na kamkia kadogo juu. Saba zake aliziandika na mstari katikati, kama walivyofundishwa kiwandani ili namba za makreti zisichanganyikane. Niliweka mstari mmoja, mfupi kuliko punje ya mchele. Moja ikawa saba. Ngome kutoka c1 haiwezi kufika g7, si kwa njia yoyote. Nikaikunja karatasi, nikairudisha, nikapaka gundi, nikaiweka chini ya Lakshmi, nikamwaga chai iliyoungua nikabandika nyingine.

Jioni Mzee alikaa, akavaa miwani, akaipasua bahasha mbele ya watu wote. Akaitoa karatasi. Kabla ya kuifungua aliitazama. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namtazama usoni, na ndipo nami nikaona alichokiona: karatasi ilikuwa imekunjwa mara tatu kwa urefu, kisha mara mbili, ncha imechomekwa ndani. Mikono yangu ilikuwa imeikunja kama kitambaa cha rafuni, na sikuwa nimejua. Katika chumba kile watu wawili tu walikunja hivyo. Mzee aliishika muda, labda muda wa pumzi tatu. Akaifungua, akasoma kwa sauti ya chini, "Ngome, c1, g7."

"Haiwezekani," Deo alisema. "Nimeandika moja." Mzee akampa karatasi. Masanja akainama juu ya bega lake. "Saba hii, kaka. Ina mkanda kiunoni. Saba zako zote zina mkanda." Deo aliisogeza karatasi dirishani, akaitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu akitazama kitu, si kwa hasira, bali kama anayetazama picha yake mwenyewe asijitambue. "Nilifikiri moja," akasema. "Kichwani ilikuwa moja. Kumbe mkono umeandika saba." Akanyoosha mkono juu ya ubao, mkono wenye harufu ya sangara, akanipa. "Nenda ukatuwakilishe, dada." Nami niliushika.

Asubuhi iliyofuata Mzee alinikuta dukani. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akaniambia nishushe khanga zote za rafu ya juu, nizikunjue, nizikunje upya. Alikaa kwenye kiti chake akitazama mikono yangu, na sehemu kubwa ya siku ikapita hivyo. Mwishoni alisema, "Mkono wako umejifunza vizuri sana, binti. Sasa unafanya kazi hata bila wewe." Akatazama barabarani. "Kukiwa na kitu unataka kusema kule juu, Jumamosi tutakuwa wote." Jumamosi nilipanda juu nikala bajia. Wiki iliyofuata nilipanda treni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema yeye. Bahasha ilikuwa amana yake, na aliniachia funguo. Huenda aliona aibu ile ni ya duka lake. Huenda alidhani nitarudi kusema. Dar nilishindwa michezo yote isipokuwa mmoja, timu ya shirika haikuniuliza hata jina, na sikurudi. Nilituma salamu kupitia kwa Masanja. Baadaye nikaacha kutuma.

Sasa nilipanda ngazi zilezile. Meza zilikuwa zimeondolewa, shuka nyeupe zimetandikwa sakafuni, na picha ya Mzee imekaa ukutani na shada la maua ya manjano. Wanawake wa nyumba walinipa mkono. Mkwe wa Mzee akaniuliza mimi ni nani, nikasema nilikuwa nakunja vitambaa hapa, akasema, "Kabula? Baba alikuwa anakutaja," na akanipa chai, na sikuweza kumuuliza alinitaja kwa lipi. Masanja, mvi tupu, alinisukuma kwa kiwiko. "Umenenepa. Mwenzako yule pale, bado anakaa karibu na dirisha."

Deo alisimama. Tulisalimiana kirefu, kama Wasukuma, mpaka maneno ya salamu yakaisha. Akasema anakwenda kazini mara moja, kama napenda nimsindikize. Tulishuka ufukweni, jua la saa tisa likiwa limelala juu ya maji, ukingo wa ziwa hauonekani, maji na mbingu vimekuwa kitu kimoja. Kazi yake ni kusoma kina cha ziwa. Kuna nguzo zilizopigwa rangi na kuandikwa namba, zimesimama majini karibu na bandari, na yeye huja asubuhi na alasiri, anasoma, anaandika. Nilimtazama akifanya. Alisoma kwa sauti. Akaandika. Akafumba macho, akafumbua, akasoma tena kwa sauti, akaandika mara ya pili kwenye mstari wa pembeni. Kisha akalinganisha kwa kidole.

"Kila siku hivyo?" nikauliza.

"Kila siku. Wenzangu wananicheka." Aliweka daftari kwenye mfuko. "Mkono wangu mimi naujua. Si unakumbuka ile saba? Mwaka uliofuata niliitwa kusomea uendeshaji wa meli, nafasi za watu watatu tu. Nikakataa. Nikasema, mtu anayeandika saba na moyoni ameandika moja, huyo asipewe watu mia awapeleke Nansio." Alisema bila uchungu, kama anayeeleza kwa nini hali pilipili. "Nimewalea watoto na hadithi hiyo. Nawaambia, msiamini mikono yenu, rudieni kusoma. Wamefaulu vizuri, kwa kweli."

Nilikuwa nimekuja na maneno tayari, nimeyapanga tangu Mpanda, mazuri, yenye sababu na machozi mahali pake. Yote yaliondoka. Nikaona kwamba kosa langu halikubaki kwenye karatasi. Limekaa ndani ya huyu mtu, limemfundisha kujiogopa, naye amelitunza kwa heshima akidhani ni lake. Na nikaona pia kwamba naweza kunyamaza, kwamba pengine ni wema kunyamaza, mtu amejijengea maisha juu ya jiwe lile. Huo ndio ulikuwa wema wangu wa miaka yote. Nikamwambia. Nilisema kwa maneno machache kuliko niliyoandika hapa: birika, kalamu, mstari.

Hakugeuka. Alitazama nguzo zake. Mtumbwi ulipita mbali, na mawimbi yake yakachukua muda mrefu kutufikia.

"Kwa hiyo ilikuwa moja," akasema hatimaye.

"Ilikuwa moja."

"Na ilikuwa inashinda?"

"Nilitafuta jibu, Deo. Halikuwepo. Hata leo halipo."

Alikaa juu ya ukingo wa saruji, taratibu, kama mzee. Aliinua mkono wake wa kulia akautazama, juu na chini, akaugeuza, akaushusha juu ya goti. Nilidhani atalia, kisha nikadhani atanipiga, na ningekubali lolote. Hakufanya hata moja. Nyuma yetu msichana wa sare ya shule, wa kidato cha pili hivi, alikuwa anateremka kwenye mawe, viatu mkononi. "Baba," aliita, "mama anasema chakula kitapoa." Akaniona. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Editha, kaa hapa," Deo alisema. "Huyu ndiye Kabula."

"Yule wa hadithi ya saba?" Msichana alitabasamu. "Baba ametuchosha nayo hiyo, shangazi. Nikikosea hesabu hata moja, ananisomea yote kutoka mwanzo."

"Kaa," Deo akarudia. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa mahali asipopafahamu. "Mwambie na yeye. Kama ulivyoniambia mimi. Nataka kusikia tena."

Editha alikaa kati yetu, akaweka viatu vyake kando, akanikazia macho. Nilitafuta pa kuanzia, na palikuwa na mahali pamoja tu.

"Baba yako," nikamwambia, "aliandika moja."